Ukikubali Bwana, Umekubali na Maadui Zake

Kule Nyatike, kilomita 46 hivi kaskazini magharibi mwa mji wa Migori, zimesimama kuta za mawe ambazo hazikushikiliwa na saruji, chokaa wala udongo. Jiwe limelalia jiwe, likabanwa na jingine, mpaka katika sehemu nyingine ukuta ukapita mita nne kwenda juu na unene ukafika mita tatu. Milango imefanywa mifupi kwa makusudi. Anayeingia sharti ainame, na mtu aliyeinama hana nafasi ya kurusha mkuki. Hii ndiyo Thimlich Ohinga, iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2018. Watafiti wanakadiria kwamba ilijengwa karne ya 16.

Ukitembea ndani ya boma lile utaelewa mara moja lilikuwa la nani. Pana mahali pa ng'ombe, mahali pa nyumba, na dalili za mahali pa kusagia nafaka. Waliokokota mawe ndio waliolala nyuma yake usiku. Hofu ilikuwa yao, kazi ikawa yao, na usalama ukawa wao.

Karne ileile ikikaribia kwisha, mwezi wa Aprili 1593, ukuta mwingine wa mawe ulianza kuinuka Mombasa. Huo tunaujua sote. Mwanafunzi wa Ndhiwa, Uriri au Mbita hufundishwa kwamba Fort Jesus ilijengwa na Wareno, akaandika hivyo kwenye mtihani, akapata alama yake. Jibu hilo ni la kweli, lakini limemnyima mtoto nusu ya maana. Mfalme aliyeijenga ngome ile hakuwa Mreno aliyekaa Lisbon. Alikuwa Philip wa Pili, mfalme wa Uhispania, mtu aliyekuwa vitani na nusu ya Ulaya. Msanifu wake, Giovanni Battista Cairati, alikuwa mzaliwa wa Milan, mji wa Italia uliokuwa chini ya mfalme huyohuyo. Kwa muda wa miaka 60, kuanzia 1580 hadi 1640, Mombasa, Kisiwa cha Msumbiji, Hormuz, (mpaka 1622), Goa na vituo vyote vya Wareno katika bahari yetu vilikuwa mali ya taji lililovaliwa Madrid.

Nashikilia kwamba miaka hiyo 60 ina funzo linalotuhusu sisi wa Migori na Homa Bay leo kuliko sura nyingine nyingi za vitabu vyetu vya historia. Mdogo anapojiunga na mkubwa, au anapounganishwa naye pasipo kuulizwa, hujiona amepata ulinzi. Alichopata kwa hakika ni orodha ya maadui ambao jana hakuwajua.

Tuanze na jinsi Ureno ilivyojikuta hapo. Mwaka 1578 mfalme kijana wa Ureno, Sebastian, alivuka bahari kwenda kupigana Morocco. Aliuawa katika vita vya Alcácer Quibir, hakuacha mtoto, na makabaila wengi wa nchi yake wakafa au wakatekwa pamoja naye. Ndugu wa babu yake, mzee aliyekuwa kardinali, alishika kiti kwa muda mfupi akafa mwanzoni mwa 1580. Philip wa Uhispania, ambaye mama yake alikuwa binti wa mfalme wa Ureno, alidai urithi na kuupeleka mbele kwa jeshi. Mwaka 1581 baraza la Wareno lililokutana mjini Tomar lilimkubali, naye akatoa ahadi nzuri: Ureno ingebaki na sheria zake, maofisa wake na makoloni yake, na Mhispania asingewekwa kutawala Goa wala Mombasa.

Kwa sehemu kubwa ahadi ile ilitimizwa. Ndiyo maana vitabu vyetu vinaendelea kusema "Wareno" kana kwamba hakuna kilichobadilika. Jambo moja tu halikuwezekana kuandikwa kwenye mkataba wa Tomar, nalo ni kwamba maadui wa Philip wangebaki kuwa maadui wa Philip peke yake.

Maadui hao walikuwa wengi. Waholanzi walikuwa wameasi utawala wa Uhispania tangu 1568, na vita vyao vingedumu miaka 80. Kabla ya muungano, meli za Uholanzi zilikuwa zikifika Lisbon kununua pilipili manga na mdalasini wa India, kisha zikaziuza kaskazini mwa Ulaya. Wareno na Waholanzi walikuwa wateja na wauzaji, hawakuwa na ugomvi. Philip, akitaka kuwakata waasi wake mkono wa biashara, alizikamata meli zao bandarini mara kadhaa kuanzia 1585. Wafanyabiashara wa Amsterdam walifanya hesabu yao: ikiwa duka la Lisbon limefungwa, tutaenda shambani kwenyewe. Mwaka 1595 msafara wao wa kwanza ulianza safari ya kuzunguka Afrika. Mwaka uliofuata, Jan Huygen van Linschoten, Mholanzi aliyekuwa karani wa askofu mkuu wa Goa na aliyewahi kupita Msumbiji, alichapisha kitabu kilichoanika njia za bahari ambazo Wareno walizificha kwa karibu karne nzima. Mwaka 1602 ikaundwa kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki, yenye mizinga, askari na ruhusa ya serikali yake kupiga vita.

Waingereza nao walikuwa vitani na Uhispania kuanzia 1585 hadi 1604. Ile Armada maarufu ya 1588 iliyotumwa kuivamia Uingereza ilitweka matanga kutoka Lisbon, na ndani yake mlikuwa na merikebu kubwa za Wareno, waliolazimika kwenda kufa katika ugomvi ambao haukuanzia kwao. Miaka mitatu baadaye, Novemba 1591, merikebu ya Kiingereza Edward Bonaventure ya James Lancaster ilitia nanga Zanzibar, ikakaa hadi Februari 1592 ikijipatia maji na chakula. Hizo ni miongoni mwa hatua za kwanza za Mwingereza katika maji yetu.

Ni haki kusema kwamba Fort Jesus yenyewe haikujengwa kwa kuwahofia Waholanzi. Iliyoiharakisha ni hofu ya Waturuki. Nahodha wao, Mir Ali Bey, alikuwa amekuja pwani mara mbili miaka ya 1580, na mara ya pili, mwaka 1589, alishindwa Mombasa wakati ambapo Wareno walikuwa baharini na Wazimba, kundi la wapiganaji, wakiwa ng'ambo ya pili bara. Lakini hata Waturuki walikuwa mahasimu wakubwa wa mfalme huyohuyo kule Bahari ya Mediterania. Kila upande ulioelekea, ukuta ule ulitazama maadui wa Philip.

Walioanza kulipa ni watu wa Kisiwa cha Msumbiji. Mwaka 1607 Waholanzi wakiongozwa na Paulus van Caerden waliizingira ngome ya São Sebastião. Ngome haikuanguka. Wareno waliokuwa ndani ya kuta nene waliponea humo, na Waholanzi walipokata tamaa waliuchoma mji uliokuwa nje. Mwaka 1608 wakarudi tena na meli nyingine, wakashindwa tena. Waafrika na Waswahili wa kisiwa kile hawakuwahi kuikosea Amsterdam kwa lolote. Wengi wao, naamini, hawakuwahi kulisikia jina lake.

Halafu ikaja zamu ya Mombasa, na hapa naomba msomaji anivumilie nikae kidogo, kwa sababu kisa cha Yusuf bin Hasan hakijapewa nafasi kinayostahili.

Baba yake, Sultani Hasan, alikuwa wa ukoo wa Malindi uliokuwa rafiki wa Wareno tangu zama za Vasco da Gama. Kwa uaminifu huo ukoo ulihamishiwa Mombasa na kupewa sehemu ya mapato ya forodha. Urafiki wa zaidi ya miaka 100 haukumkinga. Aligombana na kapteni wa ngome, akakimbilia bara, na mwaka 1614 aliuawa na watu waliohongwa na Wareno. Kichwa chake kilipelekwa Goa. Mwanawe mdogo, Yusuf, alichukuliwa naye akapelekwa Goa, akalelewa na watawa wa Mtakatifu Augustino, akabatizwa jina la Dom Jerónimo Chingulia. Alikua, akaoa, akatumikia jeshi la majini la Wareno katika Ghuba ya Uajemi. Ghuba ya wakati huo ilikuwa inawaka moto: mwaka 1622 Shah Abbas wa Uajemi, akisaidiwa na meli za kampuni ya Kiingereza, alikuwa ameinyakua Hormuz.

Mwaka 1626 alirudishwa Mombasa kuwa mfalme, kibaraka wa Philip wa Nne. Alikuwa na taji, cheo na imani ya bwana wake. Heshima hakuipata. Makapteni wa ngome walimdharau kama walivyomdharau baba yake. Inasimuliwa kwamba alionekana akisali kwa ibada ya Kiislamu kwenye kaburi la baba yake, na kapteni Pedro Leitão de Gamboa akapanga kumkamata. Agosti 1631 Yusuf aliwahi. Aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni, akatangaza kurudi kwenye Uislamu. Wakristo wapatao 300 waliuawa siku zile, Wareno na Waafrika, wanawake na watoto miongoni mwao. Kanisa linawakumbuka kama mashahidi wa Mombasa, na damu yao haifai kupunguzwa uzito hata na anayeielewa hasira ya Yusuf.

Mapema 1632 Goa ilituma meli na askari kuikomboa ngome. Walishindwa. Mwaka mmoja tu kabla ya uasi, Waholanzi walikuwa wameteka Recife, katika Pernambuco kule Brazil. Uhispania ilikuwa ikimwaga fedha za migodi ya Potosí katika vita vya Flanders, Italia na Ujerumani. Philip wa Nne aliyeapiwa utii na Yusuf alikuwa na vita kila pembe ya dunia, na Mombasa ilikuwa jina dogo mwishoni mwa orodha ndefu. Yusuf mwenyewe aliiacha ngome mwezi Mei, akabomoa alichoweza na kuingia baharini. Agosti Wareno walirudi. Iliyoadhibiwa kwa uasi huo, kwa mashambulizi na kwa kulazimishwa kulipa tozo, ilikuwa miji ya pwani. Maandishi ya mwaka 1635 juu ya lango la Fort Jesus bado yanajigamba kwa adhabu hizo, jiwe lililochongwa wazi kwa kila mtalii kulisoma.

Tuna methali ya tembo wawili na nyasi. Tunaitumia kila mahali, nami nadhani haitoshi hapa. Nyasi hazikuwahi kumwapia tembo yeyote utii. Ukoo wa Malindi uliapa. Ulikuwa mshirika rasmi, wenye mkataba na fungu la forodha, na bado hakuna siku hata moja uliyoitwa kushauriwa ni nani apigwe vita.

Mwaka 1626 waziri mkuu wa Philip wa Nne, Olivares, alileta mpango alioupa jina la Muungano wa Silaha: kila nchi ya mfalme itoe askari, na Ureno ikapangiwa 16,000. Hapo ndipo Wareno walipoanza kutambua bei kamili ya Tomar. Mwaka 1640 Catalonia iliasi, na tarehe 1 Desemba mwaka huohuo Lisbon nayo ikaasi na kumtawaza mtawala wa Braganza kuwa João wa Nne.

Ungetarajia kwamba Ureno ikishaachana na Uhispania, maadui wa Uhispania wangekuwa marafiki zake. João alitarajia hivyohivyo. Juni 1641 alitia sahihi na Waholanzi mkataba wa kusitisha vita kwa miaka kumi. Agosti ya mwaka huohuo Waholanzi waliiteka Luanda. Malacca walikuwa wameshaichukua mwezi Januari. Mwaka 1648, kwa mkataba wa Münster, Uhispania ilipatana na Waholanzi na kuutambua uhuru wao baada ya miaka 80, ikaenda zake. Wareno walioingizwa kwenye vita hivyo na Uhispania waliendelea kupigwa: Colombo ikaanguka 1656, Kochi 1663. Bwana aliyeleta ugomvi alipatana na adui, na aliyeletewa ugomvi akabaki nao mikononi. Katika historia nzima ya vita vile, sijui jambo linalonisumbua kuliko hilo.

Ureno iliyodhoofika hivyo ndiyo iliyoshindwa kuizuia Oman. Maskati ilirudi mikononi mwa Waomani mwaka 1650. Watu wa Mombasa waliwaita wawasaidie, na kuanzia Machi 1696 Fort Jesus ilizingirwa kwa zaidi ya miaka miwili na nusu. Tauni iliingia ndani. Wareno walipokufa karibu wote, aliyeishikilia ngome kwa muda mwaka 1697 alikuwa Bwana Daud wa Faza, Mswahili, pamoja na watu wake. Nje kulikuwa na Waswahili upande wa Oman, ndani kulikuwa na Waswahili upande wa Ureno. Ngome ilianguka Desemba 1698, na Waomani walioitwa kusaidia wakabaki kutawala.

Kwa nini nayaleta haya Nyanza Kusini, ambako hakuna merikebu ya Mreno iliyowahi kufika? Kwa sababu vita vya namna hiyo vilifika kwetu baadaye, kupitia mlango uleule. Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kugawana nchi kwa mstari uliopasua ziwa na kupita kusini mwa Muhuru. Mkuria wa upande huu wa Isebania akawa wa Mwingereza, ndugu yake wa Sirari akawa wa Mjerumani. Agosti 1914 Ulaya ilipowaka, mstari ule ukageuka uwanja wa vita. Septemba jeshi la Wajerumani lilivuka kutoka kusini na kuingia mji wa Kisii, makao ya wilaya ya Kavirondo Kusini ambayo wakati huo ilizibeba pia Migori na Homa Bay za leo. Tarehe 12 Septemba wakapigana na Waingereza palepale. Baadaye maelfu ya vijana wa Nyanza walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi. Wengi hawakurudi. Waulize wazee wa Karungu au Kanyamkago kama babu zao walikuwa na neno lolote na Mjerumani kabla ya hapo.

Na tusiseme kwamba hayo ni ya ukoloni, yamekwisha. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililoulenga ubalozi wa Marekani jijini Nairobi liliua watu 213. Wamarekani waliokufa walikuwa 12. Waliobaki, karibu wote, ni Wakenya: makarani, wachuuzi, abiria wa basi, wanafunzi. Adui alikuwa wa rafiki yetu. Mlango aliobisha ulikuwa wetu.

Najua nitaambiwa kwamba nchi ndogo haiwezi kuishi peke yake. Nakubali kabisa. Kenya inahitaji masoko, mafunzo, mikopo na ulinzi wa bahari yake. Hata Wasuba wa Mfangano na Rusinga, ambao simulizi zao zinawatoa ng'ambo ya ziwa, Buganda, waliishi kwa kujenga ujamaa na Waluo waliowakuta na waliowafuata. Swali langu si kama tuwe na marafiki. Nauliza nani huamua, na nani huambiwa bei kabla ya kutia sahihi.

Katiba yetu ya 2010 imelijibu swali hilo vizuri kuliko mkataba wowote wa Philip. Ibara ya 240 inataka Bunge liidhinishe kabla majeshi yetu hayajapelekwa nje ya nchi. Sheria ya kuidhinisha mikataba ya 2012 inataka Bunge na wananchi wahusishwe. Mambo yamekwendaje? Oktoba 2011 wanajeshi wetu waliingia Somalia, na mjadala wa maana ulikuja wakiwa tayari ng'ambo ya mpaka. Januari 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba mpango wa kupeleka polisi Haiti ulikiuka katiba. Machi ukatiwa sahihi mkataba na serikali ya Haiti, na Juni polisi wetu wakaondoka. Mwezi huohuo wa Juni 2024 Marekani iliitaja rasmi Kenya kuwa mshirika wake mkuu asiye mwanachama wa NATO, ya kwanza kusini mwa Sahara. Huenda cheo hicho kina faida, na mimi sikikatai kwa chuki. Nasema tu kwamba sikusikia mkutano hata mmoja, Rongo wala Oyugis, ambapo mwananchi alielezwa rafiki huyu ana ugomvi na nani, na ugomvi huo unaweza kupita njia gani kutufikia.

Walimu wa historia wa kaunti hizi mbili wana nyenzo ambayo shule za Nairobi hazina. Thimlich iko hapahapa. Mpelekeni mtoto akaipime kwa mikono yake, kisha mfundisheni Fort Jesus kwa jina kamili la mfalme aliyeijenga na kwa orodha kamili ya maadui wake. Muulizeni kila ukuta ulimlinda nani. Serikali ya kaunti ya Migori nayo iitengeneze barabara ya kuelekea huko, ili basi la shule lifike hata wakati wa mvua.

Na kwa wabunge 16 wa majimbo ya Migori na Homa Bay, kuanzia Kuria Mashariki hadi Suba Kaskazini, ombi langu ni moja. Mkataba wowote wa ulinzi utakapowekwa mezani, msiupigie kura kabla waziri hajasimama na kuwataja, mmoja mmoja, maadui wa huyo anayetaka tushirikiane naye. Asipowataja, upigeni kura ya hapana.